Chuma cha Kati ya Mashine na Masikio

Shilingi mia moja arobaini na moja na senti hamsini. Hiyo ndiyo gharama ya kumwezesha mume wangu kusikia maneno machache ya mwanamume mmoja, na nimeihesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa uchungu, ya pili kwa kutoamini. Tisini na tano ilikwenda kwenye mashine ya kukuza sauti, wenyewe wanaiita amplifaya, pamoja na maikrofoni yake. Thelathini na mbili, visikizio vya kuvaa kichwani. Kumi, betri. Nne na nusu, waya na vichwa vyake vya kuchomekea. Jogoo wa shehe simtii kwenye hesabu, kwa kuwa angeliwa hata kama bwana harusi angekuwa bubu.

Tulikuwa tumejenga Likombe, nyumba ya miti na udongo yenye bati upande mmoja na makuti upande wa pili, kwa sababu bati liliisha kabla ya nyumba. Mimi nilikuwa nauza chumvi na korosho za kukaanga sokoni Mtwara. Chumvi humfundisha mtu walimwengu. Mnunuzi akianza kusifu chumvi yako, shika kibaba chako vizuri. Akikuita mama mara mbili ndani ya sentensi moja, angalia korosho ziko wapi. Sikuzaliwa na wasiwasi, niliununua rejareja.

Mume wangu yeye aliajiriwa ujana wake wote kwenye shamba la mkonge nyuma ya Mikindani, kwenye korona, ile mashine inayomeza jani la mkonge na kutema singa, zile nyuzi za kusokotea kamba. Kelele za korona zilimla masikio kama panya anavyokula gunia, kuanzia chini, ukija kushtuka limebaki shingo tu. Alipoacha kazi alikuwa bado anasikia radi, ngoma na mlango ukibamizwa. Maneno ya watu yalimfikia yamelowa. Anajua umesema, hajui umesema nini.

Na mtu asiyesikia vizuri anajazia mwenyewe. Nikisimama uani na jirani, atatoka ndani na kusimama mlangoni.

"Mnanisema nini?"

"Tunasema habari ya mboga!" napiga kelele.

"Mboga gani inachekesha hivyo?"

Basi ikawa nyumba yenye wenye wasiwasi wawili. Mimi nawashuku wanunuzi, yeye ananishuku mimi, na kuku wetu walikuwa wakipita katikati kwa adabu.

Ndipo posa ya binti yetu ikaja. Tulikuwa na binti mmoja tu. Wachumba walitoka Mahurunga, watu wa mikorosho mingi na maneno machache, na hilo la pili lilinipendeza kuliko la kwanza. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye swali la nani atamwozesha.

Sisi Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye anayeulizwa kwanza. Dini nayo imesema baba ndiye walii wa binti yake. Tumeishi na yote mawili kwa kuyapakulia kila moja sahani yake. Mjomba anapewa kilemba chake, baba anashika mkono wa bwana harusi, watu wanakula pilau. Mjomba wa binti yangu ni mdogo wangu, aliyekuwa karani wa mizani ya korosho huko kwenye ushirika. Hiyo ni kazi ambayo mtu mwaminifu hushukiwa na mwizi husalimiwa, na mimi, dada yake, nilikuwa nikimsalimia na kumshuku kwa pamoja.

Alikuja jioni moja kabla ya magharibi, akakaa karibu na sikio la mume wangu.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Ya nini kujitesa? Nipe uwakili. Shehe ataniuliza mimi, nitamwitikia mimi, na kijana nitamsikia mimi. Wewe utakaa pale na kanzu yako."

Hilo, kwa bahati mbaya, lilisikika.

"Na kanzu yangu," mume wangu alisema. "Kumbe inayotakiwa ni kanzu. Basi ichukueni mkaitundike msumarini, mimi nibaki shambani."

"Shehe anasema hata ishara inatosha, shemeji."

"Nimtoe mwanangu kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayekaribishwa chai? Nitamwozesha mwenyewe, na huyo kijana nitamsikia kwa masikio yangu akisema amekubali. Nisipomsikia, sijui nimempa nani."

Mdogo wangu akanitazama. Nami nikamtazama yeye, nikawaza: watu wa Mahurunga wana mikorosho, na huyu ana mizani. Mtu aliyeshika mkono wa mkwe siku ya ndoa hasahauliki msimu wa korosho. Nilimwongezea chai ili akae, nione macho yake yanakwenda wapi.

Mashine niliiona kabla sijajua nitaifanyia nini. Kulikuwa na duka la vyombo mjini ambalo mwenyewe alikuwa anafunga ahamie kwa watoto wake ng'ambo, na kwa wiki kadhaa alikuwa akisimama mlangoni na maikrofoni akitangaza sufuria. Sauti yake ilinifikia sokoni kwenye meza yangu. Nikawaza, sauti inayoweza kunikera mimi huku, ikifungiwa ndani ya sikio la mtu mmoja itakuwaje? Nikaacha chumvi nikaenda.

Alianzia mia moja na hamsini. Nikaanzia sitini. Anayefunga duka hana muda, na asiye na muda hana bei. Tukakutana kwenye tisini na tano, yeye akiapa kwamba nimemuua, nami nikimwona yu mzima. Nyuma ya mashine palikuwa na tundu, na pembeni ya tundu kibati kilichogongwa namba: 2000.

"Hii nini?"

"Hapo panaingia visikizio, mama. Hiyo ndiyo namba yake."

Visikizio vyenyewe hakuwa navyo. Lakini namba niliishika. Elfu mbili! Nikaona nimenunua mashine ya nguvu. Mdogo wangu alikuwa mjini siku hiyo na baiskeli, akanibebea mpaka nyumbani, nami nikarudi kwenye meza yangu. Kumbukeni hilo la baiskeli, maana mimi nililikumbuka sana.

Visikizio nilivipata kwa mtani wangu. Yeye ni Mngoni aliyeshuka kutoka Songea kutafuta kazi bandarini, na mbele ya nyumba yake alikuwa akiuza mabaki ya melini: kamba, makurunzi, vioo vya mviringo visivyo na dirisha. Alivitoa wapi sikuuliza, kuuliza hupandisha bei. Kwa utani wetu ana haki ya kunitukana na mimi haki ya kumjibu, na hakuna wa kukasirika. Tulipomzika mama yangu, mtu huyuhuyu aliingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza, akakataa kutoka mpaka alipopewa shilingi na sigara. Watu walicheka huku wanalia. Hiyo ndiyo kazi yake, na anaiweza.

Nilimpelekea mashine kapuni ili vipimane.

"Karibu, mtumwa wangu," alisema. "Umekuja kurudisha ng'ombe wa babu yangu?"

"Babu yako hakuwa na ng'ombe, alikuwa na kamba tu na mguu mwepesi. Nimepita kuona kama umekufa. Nimesikia harufu."

"Harufu hiyo umekuja nayo."

Salamu zikaisha. Akatoa visikizio kwenye gunia, vizito, vyeusi, vyenye utepe wa ngozi juu, akataja arobaini. Akaipindua mashine yangu, akasoma kibati, kisha akasoma ubavuni mwa visikizio.

"Mashine yako inasema elfu mbili. Hivi vyangu vinasema nane."

"Nane!" Hapo hapo nikamkamata. "Nane mbele ya elfu mbili, halafu unataka shilingi arobaini?"

"Si ukubwa huo, mtani. Ni namna ya kupokea. Mashine yako inasukuma maji kwa mrija mwembamba, hivi vyangu ni mdomo wa pipa. Ukiviunga hivihivi vitanong'ona. Ndiyo maana vinakwenda na hiki."

Akaingiza mkono guniani tena, akatoa pande la chuma la ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, limezungushiwa waya wa shaba, nyuzi mbili zimetokea huku na mbili kule.

"Hiki kinakaa katikati," alisema. "Kinachukua sauti ya huyu kinampa yule kwa kadiri anavyoiweza. Melini walikuwa hawavitumii bila hiki. Chuma peke yake shilingi ishirini."

"Na nisipokichukua?"

"Basi usichukue hata visikizio."

Akacheka. Ndilo lililoniharibia. Mtu aliyelala kwenye kaburi la mama yangu ananitolea pande la chuma chini ya gunia, dakika ileile niliyoanza kushusha bei, ananiambia bila hilo mali anayoniuzia haifai, halafu anacheka! Sokoni tunayajua hayo. Unamwuzia mtu chungu, anapofungua mkoba unamwambia kifuniko chake ni pesa nyingine.

"Chuma chako kafungie mbuzi," nilisema. "Thelathini na mbili, visikizio peke yake."

"Mtani, leo nasema kweli."

"Ulisema kweli lini ukajulikana?"

"Tia betri basi tujaribu, usikie mwenyewe."

"Betri zangu si za kujaribia."

Zilikuwa mpya, shilingi kumi nzima. Sikuwa tayari kuzichakaza kwenye kibaraza cha mtu. Nilivitikisa visikizio karibu na sikio, nikasikia havina kitu kilichokatika ndani, nikalipa, nikaondoka nimeshinda.

Nyumbani tulitandika mkeka. Mume wangu akavivaa, akakaa wima kama mtu anayepigwa picha. Nikafungua mashine nikashika maikrofoni.

"Unanisikia?"

Akatazama mdomo wangu.

"Baba watoto! Unanisikia?"

"Naona mdomo."

Nikazungusha kitasa mpaka mwisho wake. Akafumba macho, akasikiliza kwa muda.

"Humu ndani kuna mbu," alisema. "Mbu anasoma barua."

Nikavivaa mwenyewe huku binti yangu akisema kwenye maikrofoni. Sauti yake ilikuja nyembamba, ya puani, kama ya mtu aliyefungiwa kwenye mtungi nyumba ya pili. Mimi mwenye masikio mazima nilishika neno moja katika mawili. Kwa masikio ya korona, hiyo ilikuwa si kitu.

Hapo nikaanza kazi yangu ya asili. Wa kwanza kumshuku alikuwa mtani, kwa heshima ya kawaida. Lakini visikizio havikuwa na kasoro, nilivichunguza. Wa pili alikuwa mdogo wangu. Kutoka mjini hadi Likombe kwa baiskeli si safari ndefu, lakini waya hauhitaji safari ndefu kukatwa. Na ni nani aliyekuwa na haja ya kuona bwana harusi anashikwa mkono na mjomba badala ya baba wa bibi harusi? Nikamwendea.

"Siku ile ulipobeba mashine, ulisimama mahali?"

"Nilisimama kunywa maji."

"Wapi?"

"Kisimani, dada. Maji hayanywewi kwenye nguzo ya simu."

"Mashine ulimwachia nani?"

"Nilimwachia ndoo," alisema, akaondoka zake.

Mtu asiye na hatia angekasirika, nikajiambia. Na kama angekasirika, najua ningejiambia kinyume chake.

Kabla sijamaliza na huyo, akaingia balozi wetu wa nyumba kumi. Miaka ile vita ilikuwa inawaka ng'ambo ya Ruvuma, na watu wa pwani yote, kutoka Mnazi Bay mpaka mtoni, tulikuwa tumeambiwa tuwe macho na wageni na vitu tusivyovielewa. Balozi alikuwa macho. Alisimama kizingitini na fimbo yake.

"Nimeambiwa humu kuna waya na vyombo vya masikioni. Mnawasiliana na nani?"

"Nawasiliana na mume wangu, balozi, na simpati."

Hakucheka. Akadai avae. Nikampa kiti, nikamvisha, nikashika maikrofoni, nikasema polepole, "Balozi, watoto wako wanaiba korosho zangu." Akakunja uso, akasikiliza, akavua.

"Nimesikia habari za korosho, ila kwa mbali mno. Hawa watu wako wapi?"

"Ni mimi, balozi. Niko hapa mkekani."

Akapima kwa macho kutoka mkeka hadi kwenye kiti chake. Akatikisa kichwa. Chombo kisichovuka mkeka, alisema, hakiwezi kuvuka Ruvuma. Akanywa maji akaaga. Nilifurahi tumesafishwa, lakini nilibaki na swali: nani alimwambia? Waliojua tulikuwa watu wa nyumbani, mtani na mdogo wangu. Nikawatoa wa nyumbani, nikahesabu waliobaki. Nikahesabu tena.

Aliyepata jibu ni mume wangu, ambaye hakuwa akisikiliza tuhuma zangu, na sasa naona alikuwa na bahati. Alikaa na bisibisi, akafungua mashine, akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole, akafunga.

"Hakuna kilichokatwa," alisema kwa sauti yake ya kujaza nyumba. "Sikiliza. Kule shambani injini ilikuwa na gurudumu dogo linalokwenda mbio. Korona ilikuwa na gurudumu kubwa. Katikati paliwekwa magurudumu mengine mawili. Siku moja yakavunjika, msimamizi akatuamuru tufunge mkanda moja kwa moja. Injini ikazunguka, korona ikazunguka, jani likaingia jani likatoka jani. Hakuna kilichoharibika. Nguvu ilikuwapo, ila haikufika. Hapa pia panataka kitu cha katikati." Akanitazama. "Yule mtani wako hakukwambia neno?"

Nilichukua ufagio nikafagia mkeka usio na vumbi.

"Alisema kuna chuma!" nilipiga kelele.

"Chuma gani?"

"Cha katikati!"

"Bei gani?"

"Ishirini!"

"Ukaokoa shilingi ishirini," alisema. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinichoma zaidi, kwa kuwa hasira ningeijibu.

Kesho yake mapema nilikuwa kibarazani kwa mtani, nikiwa nimeifunga noti ya ishirini kwenye pindo la kanga. Sikumtukana hata kidogo, naye akashtuka.

"Unaumwa?"

"Nataka kile chuma."

"Kimeondoka."

"Nani kakichukua?"

"Mtu aliyelipa bila kupigana. Sikujua kwenu bado wanazaliwa watu wa namna hiyo."

"Kwetu? Kwa hiyo ni Mmakonde! Mwanamume au mwanamke?"

"Alikuwa na pesa, pengine sikuangalia." Safari hii hakucheka. "Mtani, mimi nimekudanganya tangu tulipojuana, ukanunua. Siku niliyokwambia kweli ukaniachia chuma mkononi. Nimeanza kuwa na wasiwasi na wewe."

Nilizunguka mji mzima nikiuliza chuma cha waya za shaba. Mafundi wa redio walinionyesha vyuma vya kila aina na kuniapia kila kimoja ndicho. Safari hiyo betri nilizibeba. Kimoja kilitoa moshi, vingine havikutoa hata huo. Siku ya ndoa ikasogea. Wageni wa Mahurunga wakatuma salamu kwamba wameshapata gari.

Alasiri ya mwisho mume wangu alivifunga visikizio kwenye kitambaa, akavipandisha juu ya kabati.

"Mwambie shemeji aje kesho na kanzu," alisema.

"Tunaweza kuandika! Kijana akisema, nitakuandikia!"

"Sitaki kusoma kwamba mwanangu ameolewa." Akatoka kwenda kuangalia mabanda ya wageni ambayo yalikuwa yameshaangaliwa. Binti yangu alikuwa ndani anapakwa hina, akaniuliza baba amesema nini. Nikamwambia ameulizia mchele. Alijua nadanganya, kwa kuwa ni mwanangu.

Asubuhi mdogo wangu alifika kabla ya wapishi. Mkono mmoja kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, mkono wa pili kitu kizito kimefungwa kwenye leso. Akakiweka mkekani, akafungua ncha za leso. Nyuzi mbili huku, mbili kule.

Nilisahau kumkaribisha.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Kwa mtani wako."

"Lini?"

"Zamani kidogo."

"Zamani kidogo ndiyo lini?"

"Dada, mimi si gunia la korosho, usinichome bambo kuona kilichomo ndani."

"Umekaa nacho kimya! Sisi tunazunguka mji, mume wangu anakonda, wewe unacho chini ya kitanda!"

"Juu ya dari," alisema. "Ulikuwa unanishuku nimekata waya. Nikaona nisikukatize, umalize kwanza."

Mume wangu alikuwa ameshakiona. Hakuuliza kimetoka wapi wala lini. Alichuchumaa na bisibisi, akaunga nyuzi za huku kwenye mashine na za kule kwenye visikizio, akavivaa, akageuza kitasa kidogo tu, robo ya nilivyokuwa nikigeuza mimi. Nikashika maikrofoni, nikavuta pumzi ya kupiga kelele.

"UNANISI—"

"Polepole, mama!" Alishika masikio yote mawili. Kisha akaachia. "Tena. Kama unavyosema na jirani."

"Unanisikia?" nilisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake kwa miaka.

"Nakusikia," alisema, naye akaishusha ya kwake bila kujua. "Naisikia hata pumzi kabla hujasema. Na huyo nyuma yako anakwangua nazi." Alikaa akisikiliza nazi ikikwanguliwa mpaka mpishi akaona haya akaacha. Tulijaribu kuongeza sauti, ikaanza kukwaruza, akairudisha mwenyewe pale pale ilipokuwa safi, akatia alama ya mkaa kwenye kitasa. Maneno yalikuwa yamekauka, alisema. Yalikuwa na kingo.

Kanzu ya mdogo wangu ilikuwa bado mkononi. Alikuwa amekuja na vyote viwili, kanzu ya uwakili na chuma. Alipotoka kwake alikuwa ameamua kutumia kipi, sijui.

Ndoa ilifungwa barazani, nasi wanawake tuko ndani nyuma ya pazia, ambalo nililiachia upenyo kwa ajili ya usalama. Mume wangu alitoka na visikizio juu ya kofia, waya ukimfuata mpaka kwenye mashine, chuma pembeni yake. Minong'ono ikaanza.

"Mkwe anaongea na Daresalamu?"

"Anangoja matokeo ya mpira."

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza kwa dhati kama ndoa inaswihi, maana sauti inayopita kwenye waya ni sauti ya mtu au ya waya? Nikashika pazia. Wageni wametoka mbali, gari lina saa zake, na kanzu ya mjomba iko karibu. Shehe akafikiri. Akasema baba wa binti anamwona kijana na kijana anamwona yeye, mikono yao itashikana, na mashahidi wanasikia bila waya. Waya huu ni kama miwani ya anayesoma. Hatusemi msahafu umesomwa na miwani.

Wakashikana mikono. Mdogo wangu alishika maikrofoni mbele ya mdomo wa bwana harusi, kwani ndiye aliyekaa karibu, nami nilikitazama kidole chake kilichokuwa jirani na swichi kuliko nilivyomtazama mkwe wangu.

Mume wangu akasema maneno yake, amemwoza binti yake kwa mahari waliyokubaliana. Kijana akajibu, "Nimekubali kumwoa kwa mahari hayo."

Mume wangu hakuachia mkono. Shehe akamtazama. Watu wakatazamana, nami nikajua betri zimekwisha, au kidole kimeteleza.

"Tena," mume wangu alisema.

Kijana akatoka jasho. Mdogo wangu akajiinua nusu. "Nimekubali," kijana alisema, "nimekubali kumwoa kwa mahari hayo."

"Nimesikia," mume wangu alisema. "Ya kwanza pia nimeisikia, ilikuwa ya shehe. Ya pili nimeichukua mimi." Akaachia mkono. Vigelegele vilipoanza ndani, alivua visikizio haraka, na watu wakacheka, naye akajua safari hii wanacheka nini.

Wageni walipoondoka nilimwendea mdogo wangu na noti ya ishirini.

"Chuma ulilipa kiasi gani?"

"Achana nacho, dada."

"Ishirini? Kumi na tano?"

"Mjomba halipwi."

Nikaenda kwa mtani. Siku ya kwanza alisema aliuza kumi na mbili. Siku ya pili alisema thelathini. Nilipokwenda tena alisema alimpa bure, kwa kumhurumia mtu mwenye dada kama mimi. Nikampelekea mdogo wangu kitenge cha mkewe, mkewe akanirudishia samaki wa bei ileile. Msimu wa korosho nilingoja aombe nimfikishie neno kwa watu wa Mahurunga, hakuomba. Nilipima gunia langu nyumbani kabla ya kulipeleka kwenye mizani yake, uzito ukatoka sawasawa, na hilo halikunisaidia chochote. Mume wangu anasema jambo limekwisha. Yeye anaweza kusema hivyo, alipata alichokitaka akakisikia mara mbili. Mimi nina mtu aliyekaa na haja ya nyumba yangu juu ya dari yake bila kusema, akaileta asubuhi ya siku yenyewe, na hataki hata senti. Kama ni wema, una bei, nami sijaambiwa. Kama si wema, pia una bei.

Basi nyinyi mliowahi kuwa na ndugu, nishaurini. Nimlipe kiasi gani mtu huyu, na kwa njia gani asiweze kurudisha? Majibu yasiyo na hesabu sitayakataa, lakini nayo nitayapima.